Sari ya Mjane Mlangoni, na Mume Wangu Yupo Ndani Ananyoa Ndevu

Mume wangu alikuwa bafuni ananyoa ndevu. Nilikuwa namsikia kabisa anavyogonga wembe kwenye beseni.

Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika nguo ya ujane wangu...

Sari nyeupe. Nyeupe pe, haina pindo, haina ua, haina hata uzi wa rangi. Imekunjwa vizuri, juu yake wameweka shada la maua meupe na vijiti vya udi vilivyofungwa kwa uzi.

Hapa kwetu Shaluktala hata mtoto anaijua nguo hiyo. Ni ya mjane. Ukiletewa mlangoni na mumeo yupo hai, maana yake kuna mtu anakwambia ujiandae, ni suala la muda tu.

Hawaandiki barua. Hawapigi simu. Wanakuletea nguo.

Nikakaa pale pale kwenye ngazi. Jirani yangu Rekha alikuwa anafagia mbele ya mlango wake. Akaniona, akaona nilichoshika, akaingia ndani na ufagio wake bila hata salamu.

Nikajikaza. Nikaifunika ile nguo kwa upande wa sari yangu, nikapita moja kwa moja hadi jikoni, nikaizika ndani ya pipa la mchele.

Kuna kitu kimoja kilinipita asubuhi ile, nakitaja mapema msije mkanilaumu mwishoni. Nilipofika mlangoni komeo lilikuwa tayari limefunguliwa. Sikutilia maanani. Mama mkwe wangu huamka kabla yetu sote kwenda kuchuma maua ya sala.

Nilimkuta kwenye kona yake ya sala. Mama Nibharani, mdogo wa umbo, ndani ya sari yake nyeupe ya miaka yote tangu baba mkwe afariki. Aliniuliza bila kugeuka.

"Kuna nini mlangoni?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi haraka."

Akawasha udi wake. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Achana na yale malalamiko, mwanangu. Nakuomba."

Ngoja niwarudishe nyuma, maana najua mnajiuliza malalamiko gani.

Nyuma ya nyumba yetu kuna bwawa, linaitwa Jhinukpukur. Humo tunaoshea vyombo, humo tunatosa sanamu za miungu sikukuu zikiisha, humo mume wangu alijifunza kuogelea akiwa mdogo. Mwaka huu bwawa likaanza kupungua. Malori ya kifusi yanakuja mchana kweupe, yanamwaga, yanaondoka. Kila mtu anajua linafukiwa ili ghorofa lisimame, na kila mtu anajua nani ameyaita malori.

Ni diwani wetu, Manotosh Dhara. Mtaani tunamwita Kaka Monu. Mtu wa tabasamu, mkarimu wa maneno, hapiti kwa mzee bila kuinama na kumgusa miguu kwa heshima. Ukimwona utasema mtoto wa watu.

Mume wangu Tarak ni fundi feni. Si mtu wa maneno mengi. Lakini jioni moja tulikuwa wote kwenye klabu ya mtaa, ambako diwani hukaa kuamua kesi za watu kama vile yeye ndiye mahakama, Tarak akasimama akauliza swali moja tu. Bwawa likiisha, sanamu tutazitosa wapi?

Watu wakacheka. Diwani naye akacheka.

Halafu akasema kirafiki kabisa:

"Kaka Tarak, naona umesahau adabu ya darasani. Hebu shika masikio."

Hiyo kwetu ni adhabu ya watoto wa shule. Unapishanisha mikono, unashika masikio yako mwenyewe, unachuchumaa, unainuka, unachuchumaa tena. Machawa wa diwani walikuwa wamejaa mlangoni, mikono kifuani.

Mume wangu ana mvi. Anavaa miwani. Ameoza binti.

Alishika masikio.

Mimi nilikuwa upande wa wanawake, bega kwa bega na Rekha, nikaona yote. Alichuchumaa na kuinuka mpaka miwani ikaanguka. Na diwani mwenyewe ndiye aliyeiokota, akaifuta kwa upande wa kanzu yake, akamvalisha taratibu.

"Yameisha, kaka. Nenda kanywe chai."

Wasomaji wangu, kuanzia siku ile nilikuwa naishi na mtu mwingine. Zamani Tarak akifunga feni anapiga mluzi, mtaa mzima unasikia. Mluzi ukaisha. Akawa anakula ameangalia ukutani. Wateja wakimwita anasema feni imekufa, wanunue mpya, hata kama ni waya tu umechomoka.

Ndipo nikaandika malalamiko. Si kuhusu bwawa. Ya bwawa watu walishaandika, yakaishia kabatini. Mimi niliandika kuhusu mwenendo wake, kwamba kiongozi tuliyemchagua amemdhalilisha raia mbele ya umma. Nikapanda treni, nikapeleka mwenyewe wilayani. Tarak sikumwambia, nilijua angenizuia.

Jibu likaja kwa posta, na aliyelipokea ni mama mkwe. Afisa mmoja, Bi Lahiri, angekuja kusikiliza kwenye ukumbi wa manispaa. Mlalamikaji afike mwenyewe. Asipofika, jalada linafungwa na habari inaishia hapo.

Mama mkwe akajua. Na diwani naye akajua, maana ofisi zetu hazina siri.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mabaya.

Machawa wakaanza kuegesha pikipiki mbele ya mlango wetu. Hawatukani. Bora wangetukana. Wananisalimia kwa heshima zote.

"Shemeji, kaka Tarak hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie awe anaangalia vizuri akivuka reli. Treni za siku hizi zinapita kimya kimya."

Mwenzake akadakia huku anachezea funguo:

"Anajua kuogelea lakini, eh? Lile bwawa limekuwa tope tupu."

Wakacheka, mimi nikapita na kikapu changu nimeinamisha uso.

Muuza maziwa akaacha kugonga. Madereva wa bajaji, watu wanaonijua miaka yote, nikiwapungia mkono wanatazama mbele kama hawanioni. Rekha alikuwa ameazima jiwe langu la kusagia pilipili, alilirudisha kwa kuliacha kwenye ngazi, hakugonga hata mlango. Tukawa kama nyumba yenye ugonjwa wa kuambukiza.

Sasa juu ya yote hayo, ndiyo ikaja ile sari.

Mchana nikaitoa kwenye pipa la mchele, nikaifunga kwenye gazeti, nikaenda nayo kituo cha polisi. Askari wa zamu aliifunua kwa ncha ya kalamu. Akaniuliza nani ameleta, nikasema sijui. Akasema sari si silaha na maua si kosa la jinai, akaniuliza kama nina hakika si zawadi ya sikukuu. Wenzake wakaangua kicheko. Akanirudishia mzigo wangu na hakuandika chochote.

Nikarudi nyumbani nimeishiwa. Tarak hayupo.

Nikapiga simu. Haipatikani.

Nikapiga tena. Haipatikani!

Jamani, acheni. Nilitoka mbio bila kandambili. Machawa kwenye pikipiki wakanitazama ninavyokimbia, mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Shemeji, umepoteza kitu?" Sikumjibu. Nikapita uchochoro wa nyuma, nikatokea bwawani.

Nikaiona miwani yake kwanza. Ilikuwa imewekwa kwenye ngazi ya juu ya bwawa.

Nikaikimbilia.

Halafu nikamwona na yeye, ngazi mbili chini, amekaa miguu ndani ya maji, anaosha uso. Nilikaa karibu naye. Mbele yetu kifusi kilikuwa kimefika katikati ya bwawa, matofali, vigae, sinki bovu la choo.

"Simu imeisha chaji," alisema.

"Sawa."

Tukakaa. Baada ya muda ndipo akaitaja siku ile ya klabu kwa mara ya kwanza.

"Unajua kinachoniuma? Hakuna aliyenigusa. Wale vijana hawakunigusa, Monu hakunigusa. Masikio nilishika mimi, kwa mikono yangu."

Nilitamani nimwambie kuhusu sari. Nikamwangalia usoni, nikameza maneno. Nikamshika mkono tukarudi nyumbani, akaingia chumba chake cha ufundi nyuma ya pazia.

Mimi nikaingia jikoni nikiwa na nia moja. Kuichoma ile nguo. Nikaikunjua ili niichane vipande, nikashika kona ya ndani kabisa.

Nikaona alama.

Nukta ndogo nyekundu, kama punje ya dengu. Imefichwa ndani ya mkunjo wa mwisho, mahali ambapo huwezi kuiona mpaka uikunjue sari yote. Nikaigusa, ikaniachia rangi kidoleni. Ulikuwa unga mwekundu, ule ambao mke hupaka kwenye mstari wa nywele zake siku zote mumewe akiwa hai. Nguo mpya ya heri kwetu hutiwa nukta hiyo kuondoa mkosi.

Nani anakutumia kifo cha mumeo, halafu hapo hapo anamwombea asife?

Nikainusa ile sari. Haikunuka duka. Ilinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu wa nguo, ilinuka sanduku la bati. Nikaangalia vile vijiti vya udi. Ni udi ule ule ninaounusa kila asubuhi ndani ya nyumba hii.

Nikaenda chumbani kwangu, kwenye kioo. Kikebe changu cha unga mwekundu kilikuwa mahali pake, ila kifuniko kimekaa upande. Pembeni yake kulikuwa na kijiti cha kiberiti. Hakijawashwa. Ncha yake ya nyuma ilikuwa nyekundu.

Nikakiokota.

Mtu gani anachukua unga ule kwa kijiti badala ya kidole? Ni mtu asiyeruhusiwa kuugusa. Ni mjane.

Nilimkuta mama mkwe jikoni, amekaa chini anakata viazi. Nikaweka ile sari mbele yake.

"Mama, hii ni yako."

Kiazi kikamtoka mkononi.

"Nani kakwambia?"

"Kijiti cha kiberiti."

Hakukana. Alitazama vidole vyake, kisha akasema sikuugusa ule unga kwa mkono, nakuapia, sikuugusa kwa mkono. Kana kwamba hilo ndilo nililokuwa nauliza.

Akanieleza yote. Diwani alikuja nikiwa sokoni. Alimgusa miguu, akakaa kwenye kigoda changu, akala kashata zake za nazi, akasifu kwamba hakuna mwanamke mtaa huu anayezipatia kama yeye. Akauliza habari za magoti yake. Halafu akasema hivi, na mama mkwe alinikariria kwa sauti ile ile ya Monu:

"Mama mkubwa, vijana wana hasira. Wanataka kumletea shemeji ile nguo. Nimewazuia, lakini siwezi kukaa nao siku zote. Mpe wewe. Ikitoka kwako, ni onyo tu. Ikitoka kwao, mimi simo."

Kisha akaomba kashata nyingine ya njiani, akaondoka.

Mama mkwe akakaa na hilo neno peke yake. Akafungua sanduku lake, akatoa sari mpya aliyopewa sikukuu iliyopita. Kabla ya kuikunja akaingia chumbani kwangu na kijiti, akamwekea mwanawe kinga kwenye kona.

Nitasema ukweli wangu. Dakika ile nilimchukia.

"Umenivika ujane kwa mikono yako, Mama."

"Nguo hii naijua," alisema, na machozi yakaanza. "Naivaa tangu Tarak hajaanza shule. Tangu siku ile sijaruhusiwa hata kuonja samaki. Bibi harusi akipambwa naambiwa nisogee kando nisimtie nuksi. Sikutaka uyajue hayo. Nilijua ukiiona tu, utaacha."

"Basi kesho njoo umwambie afisa alichokwambia Monu."

"Siendi. Na wewe usiende. Nitakupigia magoti."

Akaanza kweli kupiga magoti, mwanamke mzima yule, na magoti yake mabovu! Nikamdaka. Sikuweza. Nikamwambia sawa Mama, basi, siendi, wameshinda. Nikamaanisha. Nilikuwa nimechoka kuogopa.

Nyuma ya pazia kulikuwa na feni inazunguka muda wote huo, Tarak alikuwa anaijaribu.

Feni ikazimwa.

Akatoka na bisibisi mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu, malalamiko, afisa, sari. Nikajua kimenuka, nikasubiri anifokee. Hakufoka. Akaichukua ile sari, akaitafuta kona, akaiangalia ile nukta.

"Mama, hii ni kwa ajili yangu?"

Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali. Tarak akavua miwani, akaifuta, akaivaa mwenyewe.

"Mke wangu, kesho utaenda. Na mimi nitakwenda niseme nilichofanyiwa, kwa mdomo wangu."

Mama mkwe akaingia kwenye kona yake ya sala, akatugeuzia mgongo. Tulipotoka asubuhi alikuwa bado amekaa hivyo hivyo, hata maua hakwenda kuchuma.

Ukumbi wa manispaa ulijaa. Bi Lahiri alikuwa mwanamke mkavu, miwani puani, chupa yake ya maji mwenyewe, hakugusa chai ya manispaa. Diwani aliingia na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akasalimia kila mtu kwa jina. Nyuma yake watu wa mtaa wetu, wale wale waliokuwepo klabuni, mmoja mmoja.

Nikasema yangu. Tarak akasimama, akasema yake. Alipofika pale pa kushika masikio kuna mtu nyuma akacheka puani, Tarak akasubiri kicheko kiishe, akaendelea mpaka mwisho. Nilijivunia mume wangu kuliko siku ya harusi.

Zamu ya diwani.

"Mheshimiwa, ulikuwa utani. Kaka Tarak ni mtu wangu kabisa. Waulize majirani."

Wakaulizwa. Mmoja eti hakuwepo. Mwingine alikuwepo ila aligeuka. Rekha akasema alikuwa anaongea na simu. Tulikuwa bega kwa bega, wasomaji! Alisema hivyo huku ananitazama vidole vya miguu.

Nikatoa sari, nikaiweka mezani. Diwani akaiangalia kwa huruma.

"Pole sana, shemeji. Hili ni jambo baya. Lakini nani ameiweka? Mlete basi, tumjue."

Akatabasamu. Alijua siwezi kusema. Nikisema ni mama mkwe wangu, kesi imekwisha, tumejitishia wenyewe. Na nisiposema, imekwisha vile vile. Kumbe hilo ndilo alilolipanga tangu anakula zile kashata.

Nikaivuta ile sari, nikaanza kuikunja.

Bi Lahiri akashika kalamu, akasema kama hakuna shahidi mwingine...

"Nimeiweka mimi."

Sauti ilitoka mlangoni.

Mama mkwe. Ameshika ukingo wa mlango, anatweta, nyuma yake dereva wa bajaji, mmoja wa wale waliokuwa hawanioni, amembebea fimbo. Mwanamke ambaye hajawahi kuingia ofisi ya serikali tangu azaliwe. Alitembea taratibu mpaka mezani, akaikunjua ile sari mbele ya afisa, akaonyesha nukta.

Akasema nani alikuja nyumbani, alikaa wapi, alikula nini, alisema nini. Neno kwa neno. Na ile sauti yake ya kumwigiza Monu ilikuwa sawasawa mpaka watu wakatazamana.

Diwani hakupoteza tabasamu.

"Mheshimiwa, tumsamehe. Mama mkubwa ni mtu mzima, amechanganyikiwa."

Mama mkwe akamgeukia.

"Uliponigusa miguu nilikuwa nimechanganyikiwa? Na kashata ulizoomba za njiani, nazo zilichanganyikiwa?"

Mtu akacheka. Safari hii hakucheka puani. Alicheka kweli, halafu mwingine. Na katikati ya kile kicheko Rekha akasimama, uso umempauka, akasema alikuwepo na aliona. Tarak alishikishwa masikio. Miwani ilianguka. Yule aliyegeuka akakumbuka kwamba hakugeuka sana.

Bi Lahiri aliandika mpaka akabadilisha kalamu.

Matokeo yake? Diwani amezuiwa kusimamia vikao mpaka uchunguzi uishe. Malori hayajaonekana tena. Bwawa limebaki nusu, lakini lipo. Na Tarak juzi nimemsikia anapiga mluzi, nusu wimbo, akakatisha. Kwangu ilitosha.

Mngependa niishie hapo, eh? Hata mimi.

Leo asubuhi nimefungua mlango. Komeo nililifungua mwenyewe.

Kulikuwa na sari nyeupe. Isiyo na pindo. Ina harufu ya wanga wa nguo mpya za dukani, kibandiko cha bei kimebanduliwa. Juu yake shada, na boksi la peremende za maziwa lililofungwa kwa uzi.

Nimeikunjua yote pale pale kwenye ngazi. Nimekagua kona moja baada ya nyingine. Nimekagua mara mbili.

Hakuna nukta nyekundu.

Mama mkwe akatokea nyuma yangu na kikapu chake cha maua. Akaiangalia. Akaipima kwa mkono. Akaniuliza nimeikagua kona, nikamwambia nimekagua. Akaichukua, akaingia bafuni, nikasikia maji.

Alitoka ameivaa.

"Kitambaa kizuri. Yangu moja ilikwenda wilayani kwa afisa, nilikuwa nimebaki na zilizochakaa."

"Mama, hiyo nguo ya mkosi!"

"Mkosi gani? Mimi ni mjane tayari. Inifanye nini tena?"

Akachukua fimbo na lile boksi la peremende, akatoka. Tarak akambebea kigoda. Sasa hivi ninavyoandika amekaa mbele ya mlango wa klabu, juani, na sari yake mpya, anasali kwa sauti. Machawa wamesimama hawajui waangalie wapi. Amewafungulia boksi, akawaambia kaleni wenyewe, na mkamwambie Monu imenikaa vizuri, mwakani asisahau. Hakuna aliyegusa peremende hata moja. Rekha ametoka na kigoda chake, amekaa pembeni yake.

Somo langu ni hili, lichukueni. Diwani Monu hajawahi kumgusa mtu kwa ubaya. Masikio alishika mume wangu. Sari aliileta mama mkwe. Mlango alifunga Rekha. Mtu wa aina hii mikono yake ni safi siku zote kwa sababu anatumia yetu, na siku tukimnyima mikono yetu ndipo anapolazimika kutumia yake mwenyewe. Leo ameanza kutumia yake. Naogopa. Sitawadanganya kwamba siogopi.

Ndiyo maana naandika hapa, kwa jina langu kamili. Mimi ni Shyamoli Kundu wa Shaluktala, nyumba ya nyuma ya Jhinukpukur. Naomba msome, na mmpelekee mwingine asome.

Mume wangu anaitwa Tarak Kundu. Leo ni mzima wa afya. Presha yake iko sawa. Hanywi pombe, hana huzuni, hana ugomvi na mtu.

Anavuka reli kwa uangalifu, na anajua kuogelea.